Maswali ya Jikoni: Nyama ya Kusaga na Mahindi kwa Mtindo wa Waamishi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni Mkongo niliyekulia Kigoma, na sasa ninaishi na familia yangu Lancaster, Pennsylvania, ambako Waamishi, Wakristo wanaoishi maisha ya kizamani, ni wengi. Kanisani kwetu kuna mama mmoja mtu mzima, aliyezaliwa katika familia ya Kiamishi, ambaye kila tunapokula pamoja huleta bakuli la nyama ya kusaga, mahindi matamu na tambi, lililookwa mpaka juu likawa la rangi ya kahawia. Nilimwomba anielekeze, naye akanitajia vitu kwa mdomo tu: nyama, kitunguu, kopo la mahindi, kopo la supu ya uyoga, tambi na jibini. Nilikaanga nyama, nikaichanganya na tambi zilizokwisha kuiva kabisa, nikamimina kopo la mahindi, nikaongeza supu pamoja na kopo moja la maji kama lebo ilivyoelekeza, kisha nikaweka oveni kwenye 180 kwa saa nzima. Kilichotoka kilikuwa kama uji. Tambi zilikuwa rojorojo, mahindi yamezama chini, na juu hapakuwa na hata doa la kahawia. Mume wangu aliishia kukimimina juu ya wali kama mchuzi. Nimekosea wapi?
Mama Neema, Lancaster

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mume wako ana busara, maana chakula hakikutupwa. Tuanze na hiyo namba 180, kwa sababu naamini ndiyo iliyokuponza zaidi ya yote. Vitabu vya mapishi tulivyovizoea huku vinahesabu joto kwa Selsiasi, lakini oveni za Marekani huhesabu kwa Farenhaiti, na 180 ya Farenhaiti ni kama 82 tu ya Selsiasi, yaani joto ambalo halifikii hata la maji yanayochemka. Bakuli lako halikuokwa; lilikaa saa nzima likipashwa moto, tambi zikinywa maji polepole mpaka zikavimba na kupasuka. Namba unayoitaka ni 350, ambayo ni sawa na Selsiasi 175 hivi, na muda wake ni dakika 30 hadi 35.

Kosa la pili ni maji, nayo yaliingia kwa milango mitatu. Kopo la mahindi lina maji yake, ambayo lazima yachujwe. Nyama ya kusaga hutoa maji na mafuta, na ukiichanganya na vingine kabla haijakauka, unyevu wote huo unahamia bakulini. Mlango wa tatu ni lile kopo la maji. Maelezo ya lebo ni sahihi kwa mtu anayetaka kunywa supu, lakini supu ya aina hiyo imepunguzwa maji makusudi kiwandani, na kwa kuoka hutumika ilivyo, nzito kama inavyotoka.

Nikikupa vipimo, kwa watu sita chukua nusu kilo ya nyama ya kusaga, kitunguu kimoja kikubwa, tambi pana za mayai gramu 225, mahindi matamu vikombe vitatu na jibini ya cheddar iliyokwaruzwa gramu 150. Tandaza nyama kwenye kikaango chenye moto mkali na usiigusegeuse. Iache upande wa chini ushike rangi, ndipo uivunjevunje kwa mwiko. Mwanzoni utasikia sauti ya kuchemka, kwa kuwa maji bado yapo. Subiri mpaka sauti hiyo igeuke kuwa ya kukaanga, yaani mlio mkali wa mafuta matupu, na hapo ndipo utie kitunguu, chumvi na pilipili manga, kisha umwage mafuta yaliyozidi. Najua mkono wako utaelekea kwenye bizari na tangawizi. Uzuie, walau mara ya kwanza, kwa sababu utamu wa chakula hiki unatokana na mahindi na siagi, na viungo vya pilau vitaufunika.

Tambi zichemshe kwa dakika mbili au tatu pungufu ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, zibaki na kiini kigumu kidogo, kwa kuwa zitamalizia kuiva ndani ya oveni. Mahindi ukishayachuja, ponda kikombe kimoja kwa uma na kuacha viwili vikiwa vizima. Wanga wa yale yaliyopondwa husaidia kushika mchanganyiko, na ndiyo siri ya mahindi kutozama.

Supu ya kopo unaweza kuitumia, lakini mimi napenda kutengeneza mchuzi mweupe mwenyewe: yeyusha siagi vijiko vitatu vikubwa, koroga na unga wa ngano vijiko vitatu kwa dakika moja bila kuuachia ugeuke rangi, kisha mimina maziwa vikombe viwili kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka mchuzi ushike mgongo wa kijiko. Changanya vyote pamoja na nusu ya jibini, weka katika bakuli la kuokea la sentimita 23 kwa 33, nyunyiza jibini iliyobaki, kisha funika juu kwa kikombe kimoja cha chenga za mkate zilizolowekwa katika siagi iliyoyeyushwa. Kikitoka, usikikate kabla ya dakika kumi kupita, hata watoto wakilia.

Usidhani, hata hivyo, kwamba ukitumia kopo umewasaliti Waamishi. Watu hao walifika Pennsylvania katika karne ya 18 wakitokea Uswisi na maeneo ya bonde la Rhine, na ujuzi wa tambi za mayai walikuja nao, lakini supu nzito ya kopo ilibuniwa na kampuni ya Campbell mwaka 1897, na ile ya uyoga ikaanza kuuzwa mwaka 1934. Wengi wao hawaunganishi nyumba zao na nyaya za umeme, bali hupikia gesi au kuni, lakini makopo hawakuyakataa. Nawe uliyeko huko una bahati ambayo sisi hatuna: mwezi wa saba na wa nane, nunua mahindi mabichi kwenye vibanda vya wakulima kando ya barabara, upike siku hiyo hiyo, kwa sababu sukari ya mahindi matamu huanza kugeuka wanga mara tu yanapovunwa. Mahindi manne yatakutosha. Ukishakata punje, kwaruza gunzi kwa mgongo wa kisu, upate yale maziwa yake, nayo uyatie katika mchuzi.

SWALI: Sina oveni, na mahindi matamu ya kopo ni ghali. Je, naweza kupika kitu cha namna hiyo kwa mahindi yetu ya kawaida?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Unaweza. Chagua mahindi mabichi machanga, ambayo punje ukiiminya kwa ukucha inatoa maziwa. Pukuchua, chemsha mpaka yalainike, kisha uchuje. Kwa kuwa yana wanga mwingi na sukari kidogo kuliko mahindi matamu, punguza unga wa mchuzi hadi vijiko viwili na uongeze kijiko kimoja kidogo cha sukari. Makaroni yatafaa mahali pa tambi za mayai. Paka siagi sufuria nzito, mimina mchanganyiko, funika kwa kifuniko cha bati kisicho na mpini wa plastiki, na uipalie makaa kama unavyopika keki: machache chini, mengi juu. Baada ya dakika 20 funua kwa uangalifu majivu yasiingie, utazame rangi. Kama kingo zinatokota na juu bado ni peupe, ondoa makaa ya chini na kuyaacha ya juu yamalizie.