Sarafu zipi za chenji uweke?

Dada, umeuliza kati ya sarafu zilizo kwenye kopo lako la chenji za daladala uweke zipi kama akiba ya kuwauzia wakusanyaji wa sarafu. Zile za mia tano zenye nyati na Karume zirudishe sokoni Mbuyuni tu. Zilitoka 2014, ziko kila mahali, hakuna mtu atakayekupa zaidi ya mia tano. Wanaosema eti dalali wa Arusha ananunua kwa laki, wakuletee huyo dalali.

Mimi naangalia hali kwanza kuliko umri. Ya mia mbili yenye simba ambayo haijakwaruzwa, michoro bado imesimama, naiweka. Iliyolika mpaka sura ya Karume haionekani vizuri, naitumia hata kama ni ya 1998. Zitazame pia zenye kasoro ya kiwandani: picha iliyopigwa pembeni, au upande mmoja umekaa kombo ukilinganisha na mwingine. Ila alama za nyundo na msumari ni uharibifu wa mitaani, usidanganyike.

Ukikuta senti za zamani, zile zilizoanza 1966, usiziachie: samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye ishirini, sungura kwenye hamsini. Dukani hazipokelewi siku hizi, lakini wakusanyaji wanazipenda. Nyingi bado bei yake ni ndogo, nisikudanganye.

Na tafadhali usizisugue kwa majivu wala limau! Mng'ao wa kusugua unaonekana mara moja, na mnunuzi anashusha bei hapo hapo. Zifunge kwenye karatasi kavu, moja moja.