Dakika 15 za mapumziko, mimi na baba yangu

Umesema baba yako ni mtu wa maneno machache, kwamba mkishamaliza salamu na habari za kazi mnabaki mnatazamana, na kitu pekee mnachokipenda wote wawili ni timu. Unauliza kama kuangalia mpira naye kutawaleta karibu au utakuwa unajidanganya. Huyo baba unayemweleza ni wangu kabisa. Jibu langu ni ndiyo, ila haikuja kwa njia niliyoitegemea, kwa hiyo nivumilie.

Timu yetu ni Arsenal, na mzee aliipenda kwa sababu ya Nwankwo Kanu. Alianza kumfuatilia mwaka 1996, Nigeria ilipochukua dhahabu ya Olimpiki kule Atlanta. Muda mfupi baadaye Kanu akajiunga na Inter Milan, na vipimo vikaonyesha ana hitilafu kwenye valvu ya moyo. Akapasuliwa. Wengi walijua kwake mpira ndiyo basi tena, lakini akarudi uwanjani, na mapema 1999 kocha wa Arsenal wakati huo, Arsene Wenger, akamsajili. Alikokwenda Kanu, mzee akaenda.

Oktoba 23 mwaka huohuo tulicheza na Chelsea kwao, Stamford Bridge. Mvua inanyesha, tumefungwa 2-0, imebaki robo saa. Kanu akafunga la kwanza, akafunga la pili, na dakika ya 90 akamkuta kipa wao, Ed de Goey, katoka golini hadi pembeni. Akampiga chenga karibu kabisa na mstari wa mwisho, kisha, kutoka mahali ambapo huoni hata pembe ya kufungia, akaupandisha mpira ukawapita mabeki waliokuwa wamesimama golini. 3-2. Baba alininyanyua juu. Nilikuwa nimeshapita umri wa kubebwa, na sikumbuki kama kabla ya siku ile alikuwa amewahi kunikumbatia. Nikilitazama lile goli leo, kinachonijia kwanza ni harufu ya shati lake.

Nilidhani kuanzia pale tumekuwa marafiki. Kesho yake asubuhi nikamwamkia, akaitikia, akaendelea na shughuli zake kama jana. Hilo ndilo ninalotaka ulijue mapema, usije ukakata tamaa: furaha ya goli haihamii kwenye mazungumzo ya siku inayofuata. Miaka mingi tuliangalia mechi bega kwa bega, na nje ya mechi tulikuwa watu wawili wenye adabu.

Kilichobadilisha mambo ni umbali. Nilihama kwa ajili ya kazi, na Mei 17, 2006 Arsenal ikaingia fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Barcelona, jijini Paris. Kipa wetu Lehmann akala kadi nyekundu dakika ya 18, lakini Sol Campbell akatupatia bao la kichwa. Kufika mapumziko simu yangu ikaita. Alikuwa hajawahi kunipigia yeye kwanza.

"Unaona?"
"Naona, baba."
"Tuko kumi. Watatuchosha hawa."

Tukaongea mpaka timu ziliporudi uwanjani, akakata bila kuaga. Alisema kweli: Eto'o dakika ya 76, Belletti ya 81, tukalala 2-1. Tangu usiku ule, kila mechi kubwa alinipigia mapumziko.

Nimelifikiria sana hili. Zile dakika 15 zina mwisho unaojulikana. Mtu asiyezoea kusema ya moyoni huogopa mazungumzo yasiyo na mlango wa kutokea, na kwenye mapumziko mlango upo, refa ataufungua. Taratibu akaanza kuchomeka mambo mengine katikati ya habari za mabeki. Mara mgongo unamsumbua. Mara amemwota bibi yangu, mama yake. Kisha, "Haya, wameanza."

Tuliwahi kuharibu, na mwenye kosa nilikuwa mimi. Agosti 28, 2011 Manchester United walitufunga 8-2 pale Old Trafford. Mwezi huohuo tulikuwa tumewauza Fàbregas na Nasri. Nilimpigia nikiwa na hasira, nikasema Wenger kazeeka, apishe wenye nguvu. Baba akanijibu polepole kwamba mtu aliyekupa msimu mzima wa 2003/04 bila kufungwa hata mechi moja ya ligi hafukuzwi kama mwizi. Nikambishia. Akakata. Baadaye sana mama aliniambia kuwa wiki zile kazini kwake walikuwa wamemwambia akabidhi nafasi yake kwa kijana. Sikujua, na nilikuwa nimemwambia maneno yaleyale kwa mdomo wangu.

Miezi miwili simu haikuita. Oktoba 29 tukaenda Stamford Bridge, uwanja uleule wa Kanu, na mapumziko tulikuwa nyuma 2-1. Simu ikaita. "Unamkumbuka Kanu?" Hakusema lingine kuhusu ugomvi wetu. Tulishinda 5-3, van Persie akapiga matatu.

Sasa niseme ya 2014. Mei 17, fainali ya Kombe la FA pale Wembley, na sisi tuna miaka tisa bila kombe. Hull City wametufunga mawili kabla hata dakika kumi hazijatimia, Cazorla amerudisha moja kwa mpira wa adhabu. Mapumziko, baba akapiga. Akamsifu Cazorla, akawalaumu mabeki, kisha kwa sauti ileile:

"Juzi nilikwenda hospitali. Wamenikuta na ugonjwa wa Kanu."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Valvu," akasema. "Wanataka kupasua." Nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza maishani: "Baba, unaogopa?" Kimya kirefu. "Kidogo. Mama yako sijamwambia bado." Halafu, "Haya, wanaingia."

Koscielny akasawazisha, Ramsey akamaliza kazi dakika ya 109. Nilipompigia alikuwa analia. Sikumuuliza analilia kombe au lile lingine. Alipasuliwa, akapona, na Wenger alipoondoka 2018 mimi ndiye niliyempigia kwanza.

Kwa hiyo usimkalishe chini ukamwambia "baba, tuzungumze." Kaa naye upande mmoja, macho yenu yote mawili kwenye mechi. Mkifungwa usiondoke chumbani. Kwa baba yangu mengi yalitoka siku ambazo tuko nyuma. Akimtetea mchezaji au kocha ambaye wewe umemchoka, muulize kwa nini, umsikilize mpaka mwisho, maana huenda si mchezaji anayemzungumzia. Akichomeka jambo zito katikati ya habari za kona, lipokee kwa sauti uliyokuwa ukiongea nayo. Swali moja linatosha. Na kama mko mbali, mpigie mapumziko ya mechi ijayo, na akikukatia katikati ya sentensi usikasirike. Timu zimerudi uwanjani.