Wifi yangu ana mimba, na jina la mwanamume ninalo mimi

Shangazi,

Nimezaliwa Tanga, nimeolewa Dublin, mtaa wa Finglas, huu mwaka wa sita. Mume wangu ni fundi umeme. Baba mkwe alikuwa fundi wa plasta hadi magoti yalipomshinda, na mama mkwe, mwenye miaka 62, anafanya usafi maofisini alfajiri. Wamezaa watano, na kila Jumapili wote tunakula kwao, wajukuu wakitambaa chini ya meza. Sijaona watu wanaopendana kwa kelele namna hii.

Wifi yangu, kitinda mimba, ana miaka 21, anafanya kazi ya keshia supamaketi. Ana mimba ya wiki 18. Haikupangwa, lakini amesema atazaa. Tangu aseme, baba mkwe amenyamaza. Jioni anatoka na mbwa, anarudi watu wamelala. Mama mkwe keshanunua kitanda cha mtoto, anasema ataacha kazi amlee yeye. Wifi analalamika kwangu kuwa hapati hata pumzi. Usiku mmoja jikoni mama mkwe alinishika mkono akasema hakuna mtoto atakayetolewa nyumba hii. Kisha akaniambia dada yake mkubwa alipelekwa Cork mwaka 1972, ikasemwa ameenda kufanya kazi, akarudi baada ya miezi, na hadi leo hakuna anayemuuliza. Mimi nilihisi ananitisha.

Wifi hataki kumtaja mwanamume. Mimi kaniambia: ni msimamizi wake wa zamu, amemzidi umri sana, na ana mchumba. Mume wangu ameng'amua kuwa najua. Anasema mke anayemficha mumewe jambo la damu yake hajawa wa nyumba hiyo. Siku ya nne hatusemezani. Nimpe jina? Jumapili hii niende?

Wifi mtu, Dublin

Mwanangu,

Usimpe. Wala usimwambie kwamba hujui, maana uongo huo ndio utakaowaumiza baadaye, sio siri yenyewe. Mwambie hivi, mkiwa peke yenu, simu zimezimwa: "Jina ninalo. Si langu kulitoa. Siku dada yako atakapotaka ulijue, atakuambia mwenyewe, na mimi nitakuwepo. Wewe ukiniambia la kwako, nitalitunza vivyo hivyo." Halafu nyamaza. Akifoka, usijibizane naye.

Umetoka Tanga, unaijua kazi ya somo, yule mama anayemfunda mwari. Anayoambiwa na mwari hayafiki barazani, hata mwenye baraza awe kaka yake wa tumbo moja. Wifi yako amezungukwa na ndugu wanne wanaompenda, na hakuna hata mmoja anayeweza kulisikia jina hilo bila kuinuka kwenye kiti. Alikuja kwako kwa sababu wewe unaweza kubaki umeketi. Huo si ugeni, mwanangu. Umepewa nafasi ambayo nyumba hiyo haikuwa na mtu wa kuijaza.

Na mumeo afikirie anataka jina la nini. Kama ni kumpiga yule bwana, yeye fundi umeme ataishia mahakamani, na dada yake atakuwa na mtoto tumboni na kesi ya kaka mkononi. Kama ni matunzo, basi mwenye haki ya kuyadai ni mama wa mtoto, siku atakapoamua, kupitia mahakama ya wilaya. Kwa sheria ya Ireland mama asiyeolewa ndiye mlezi halali wa mtoto tangu anapozaliwa. Baba ambaye hawajaoana naye hapati nafasi hiyo hivi hivi: ama watie saini tamko la kisheria pamoja, ama wawe wameishi pamoja miezi 12, ikiwemo mitatu baada ya mtoto kuzaliwa, ama aende mahakamani. Kwa hiyo hakuna kinachoharibika kwa kusubiri.

Sasa lipo jambo hukuniuliza, nami naliona zito kuliko jina. Mwanamume huyo ndiye anayempangia wifi yako zamu. Je, alitaka? Tafuta saa mkiwa wawili, mkitembea, asilazimike kukutazama usoni, umuulize taratibu: "Ulikuwa umeridhia?" Uulize mara moja tu, kisha umsikilize. Akisema ndiyo, mwamini. Akisita, akalia, au akasema hakumbuki vizuri, usimhoji kama polisi. Mwambie kipo Kituo cha Dublin cha kuwasaidia waliobakwa, kilichoanzishwa mwaka 1979, chenye simu ya kitaifa inayopokelewa saa 24, naye anaweza kuongea bila kuripoti chochote. Hata hapo uamuzi unabaki wake. Nitakuruhusu kuivunja siri kwa jambo moja tu: ukiona maisha yake yako hatarini, kwa mkono wa mtu huyo au kwa mkono wake mwenyewe. Hapo usisubiri ruhusa ya mtu.

Nije kwa mama mkwe wako, kwa sababu nadhani hukumwelewa, na ningependa umwelewe kabla ya Jumapili.

Unaona mwanamke anayeteka mimba ya mwanawe. Mimi naona mtoto wa miaka tisa aliyeamka asubuhi moja mwaka 1972 akakuta kitanda cha dada yake hakina mtu. Cork ndiko ilikokuwa Bessborough, nyumba ya masista iliyofunguliwa mwaka 1922 na kufungwa mwaka 1998, walikopelekwa wasichana waliopata mimba nje ya ndoa. Sijui dada mtu alipelekwa wapi hasa, na wewe usimuulize. Lakini nyumba za aina hiyo zilikuwa nyingi nchini mwao. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake Januari 2021 iliangalia taasisi 18. Ilikuta wanawake wapatao 56,000 walipitia humo, na watoto wapatao 9,000 walikufa. Katika nyumba ya Tuam peke yake, kaunti ya Galway, mwanahistoria wa mtaani aitwaye Catherine Corless alifukua vyeti vya vifo vya watoto 796. Wengi waliopona walitolewa waasiliwe na familia nyingine, wengine wakavushwa hadi Marekani, na mama akarudishwa kijijini na kuagizwa asiseme. 

Na hayakuwa ya zamani za kale. Tarehe 31 Januari 1984 msichana wa miaka 15, Ann Lovett, alijifungua peke yake penye sanamu ya Bikira Maria mjini Granard, kwenye mvua na baridi. Yeye na mtoto wake walikufa. Mama mkwe wako mwaka huo alikuwa na umri kama wa wifi yako leo. Barua zikamiminika kwa mtangazaji Gay Byrne wa redio ya RTÉ, wanawake wakieleza mimba walizozificha, watoto waliowazika au kunyang'anywa, wengine kwa mara ya kwanza maishani mwao. Zikasomwa hewani, moja baada ya nyingine, kipindi kizima. Mimi ninayeishi kwa barua za watu siwezi kulipita jambo hilo bila kusimama. Nchi nzima ilisikia jikoni yale ambayo jikoni yalikuwa hayasemwi.

Kwa hiyo kile kitanda alichokinunua mapema, ile ahadi ya kuacha kazi, na yale aliyokuambia akiwa amekushika mkono, ni kiapo cha mtu aliyeogopa miaka 50. Hakuwa akikutisha. Alikuwa anakuomba uwe upande wake.

Ila hofu yake, hata iwe ya haki namna gani, haimpi ruhusa ya kumwamulia binti. Dada yake hakuulizwa anataka nini. Wifi yako naye akianza kupangiwa alale wapi, mtoto alelewe na nani, arudi lini kazini, atakuwa hakuulizwa vilevile, ijapokuwa safari hii kwa mapenzi. Huyu ameamua kuzaa katika nchi ambayo wapiga kura wake walibadilisha katiba Mei 2018, na tangu Januari 2019 sheria ingemruhusu kutoa mimba ndani ya wiki 12 za mwanzo. Njia ilikuwepo, hakuifuata. Uamuzi ni wake kwelikweli, na nyumba imheshimu kama mtu mzima aliyeamua.

Maneno haya ayaseme mwenyewe, si kwa mdomo wako. Msaidie ayapange, mkae naye hata jioni mbili, kisha amwendee mama yake wakati hakuna mtu mwingine. Aanze kwa kushukuru kitanda. Kisha aseme anachotaka kwa mama na asichotaka, waziwazi: mama amshike mtoto saa za zamu, lakini usiku mtoto alale na yeye, mama asiache kazi sasa, jina la mtoto atalichagua yeye. Mama akilia, alie. Wewe kaa chumba cha pili uchemshe chai, maana kwa ninavyosikia kuhusu Dublin, hakuna neno zito linalosemwa bila chai.

Baba mkwe asikusumbue sana. Mwanamume aliyefanya kazi ya mikono maisha yake yote, ukimpa maneno hajui ayaweke wapi, mpe kazi. Wifi yako ana miadi ya kliniki; kwa mtu wa Finglas huenda ni Rotunda, hospitali ya wazazi iliyoanza mwaka 1745. Binti amwombe baba ampeleke kwa gari. Asimwombe wazungumze, amwombe gari tu. Akimpeleka mara mbili tatu, lolote alilonalo moyoni litatoka njiani, au halitatoka, lakini atakuwa amempeleka.

Kuhusu mambo ya fedha nitasema haraka, maana haya mtayapata kwa urahisi. Matunzo ya ujauzito kwa daktari wa mtaa na hospitalini ni bure kwa mkazi. Mwajiri haruhusiwi kumfukuza kwa sababu ya mimba, na muda wa kwenda kliniki haukatwi mshahara. Likizo ya uzazi ni wiki 26, na taarifa ya maandishi itolewe walau wiki nne kabla. Aiandikie ofisi ya juu, isipitie kwa yule msimamizi, na hapohapo anaweza kuomba abadilishwe zamu. Mtoto akizaliwa kuna posho ya mtoto ya yuro 140 kwa mwezi. Ipo pia posho ya mzazi anayelea peke yake, inayotegemea kipato. Treoir, shirika lililoanzishwa mwaka 1976 kwa ajili ya wazazi wasiooana, hutoa ushauri bila malipo. Apige simu yeye, wewe ukae pembeni na kalamu.

Na yule dada mkubwa wa mama mkwe? Usilichokonoe. Ikitokea mama mkwe akarudia habari hiyo jikoni, safari hii usiogope mkono wake. Msikilize hadi mwisho. Kisha, kama anaonekana kutaka kujua, mwambie kwamba tangu mwaka 2022 kuna sheria inayowapa walioasiliwa haki ya kupata vyeti vyao vya kuzaliwa, na kuna daftari ambamo mama au ndugu anaweza kuandika kwamba yuko tayari kutafutwa. Kuandika au kutoandika ni la dada mwenyewe.

Jumapili nenda. Mumeo akigoma kuongea nawe, panda basi mapema kuliko yeye, ufike wakati viazi bado vinamenywa. Kaa karibu na wifi yako. Mtu akiuliza jina mezani, na atatokea mmoja wa kuuliza, usimjibu wewe. Mtazame wifi yako, aone kwamba zamu ya kusema ni yake, na akisema "bado", wewe omba chumvi ili mazungumzo yaendelee. Mama yako wa Tanga usimpigie simu kumweleza haya, najua unatamani. Akikuuliza mbona sauti imechoka, mwambie una jambo la ukweni, litakwisha. Na mimi niandikie baada ya kliniki ijayo, hasa kuhusu lile swali nililokutuma umuulize.