Jibu: Mzee kafanyiwa upasuaji wa tezi dume, mkojo umerudi kuwa mwekundu

Pole kwa kuuguza, ndugu. Unasema mkojo ulishakuwa safi, siku ya 10 ukarudi mwekundu. Kwa baba yangu ilitokea hivyohivyo, alipojikamua chooni. Kwanza angalia mpira wa kutolea mkojo haujakunjika na mfuko wake uko chini ya usawa wa kibofu. Kama hana shida ya moyo au figo, anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa; papai na mboga zimlainishie choo. Ndoo asinyanyue, hata akibisha (wangu alibisha kweli). Ila mkojo ukikata na tumbo la chini likauma, yakitoka mabonge ya damu, au akipata homa, usisubiri majibu humu, mkimbize hospitali usiku huohuo. Mimi si daktari. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, waulize waliompasua.