Andika Hata Pale Ambapo Hukumsikia Chura

Juzi kijana mmoja wa Kawangware aliniandikia: “Dada, nami nataka kujua chura wa Tigoni anaishi wapi na wapi. Nianzie wapi?” Nilifurahi mno. Nilipouliza swali hilo nikiwa mwanafunzi, mhadhiri mmoja alinijibu mbele ya darasa kwamba vyura wa pembeni mwa Nairobi si utafiti. Maneno yale yananichoma hadi leo.

Si utafiti vipi? Chura huyu, Hyperolius cystocandicans, hapatikani popote duniani isipokuwa nyanda za juu za Kenya. Wanasayansi walimpa jina na maelezo ya kisayansi mwaka 1977 kwa vyura waliopatikana Tigoni, hapo Limuru, ambako matatu inakufikisha.

Nenda wakati wa mvua, jua likishazama, madume yanapoita. Sikiliza kwanza, tochi baadaye. Rekodi sauti kwa simu, kwa sababu vyura wa jamii hii hubadilika rangi na picha peke yake itakudanganya. Kisha andika makazi yake: amekalia mmea gani, juu ya maji kiasi gani, maji yametuama au yanapita, miti inatia kivuli au imefyekwa, shamba la chai liko umbali gani.

Lakini kurasa ninazojivunia zaidi katika daftari langu ni zile za kimya. Niliposimama kwenye kinamasi mvua ikiwa imenyesha vizuri na nisisikie kitu, niliandika tarehe, saa, hali ya hewa na muda niliosikiliza, kisha nikarudi usiku mwingine. Ramani yenye alama za alikosikika pekee haimwambii mtu kama palipo patupu hapana chura au hakuna aliyewahi kufika. Mwaka huu wanafunzi wa chuo kile kile wameniomba daftari hilo. Nimewapa.

Vijana, acheni kukimbilia picha za kupendeza! Andikeni. Rudini. Andikeni tena.

Ukitoka kinamasi kimoja, sugua tope kwenye gambuti, zioshe kwa dawa ya klorini na uzikaushe kabla ya kuingia kingine. Kuvu inayoua vyura tayari imeonekana Kenya. Utafiti rasmi unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na msituni utahitaji ruhusa ya wenye msitu.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Tafuta mwenzako wa kwenda naye, kinamasini usiku hakuendwi peke yako.