Mizizi ya kuleta uchungu? Usinywe dada, kikombe hakina koki

Usinywe. Nimefika mstari wa pili tu, pale uliposema mama mkwe kaja na mizizi kutoka Bahi na sufuria ishabandikwa jikoni, nikaacha kusoma nikaanza kuandika. Salamu tutapeana baadaye.

Kwa wanaopita tu: dada yuko hapahapa Dodoma mjini, mimba ya kwanza, wiki 40 na siku tatu, anauliza kati ya mizizi, mafuta ya nyonyo, tende, nanasi na "yale mambo na mume" kipi ni salama cha kumleta mtoto haraka. Halafu kauliza aende hospitali lini, begi liwe na nini, na kitu kingine nimeshasahau. Nitajibu nitakachokumbuka.

Mimi nina kanuni moja tu na nimeilipia: usianzishe uchungu kwa kitu kisicho na koki. Hospitali wakikuanzishia kwa dripu, dawa inaingia tone kwa tone, nesi kakaa hapo anashika tumbo anahesabu, uchungu ukizidi mara tano ndani ya dakika kumi anapunguza, ikibidi anafunga kabisa, na ile dawa haichukui muda mrefu nguvu yake inaisha mwilini. Sasa kikombe cha mizizi kikishapita kooni utafunga nini? Mdomo?

Mimba yangu ya kwanza nilikuwa nimepanga Nkuhungu, nyumba ya wapangaji, choo kimoja cha nje tunashea wote. Matazamio yalipopita tu simu zikaanza, wifi anauliza bado? shangazi anauliza bado? Hadi muuza mkaa, mtu hata jina langu hajui, anauliza mama bado tu? Unajikuta unajiona kama una deni la watu. Na hakuna aliyenieleza kwamba ile tarehe kwenye kadi ya kliniki ni makadirio, kwamba mimba ya wiki 37 mpaka 42 ni mimba iliyotimia, na wanaojifungua siku ileile ya matazamio ni wachache mno, katika mia hawafiki hata kumi. Mimi nilidhani imepita siku mbili basi mtoto anaoza humo ndani.

Sasa kulikuwa na mama mmoja mpangaji mwenzetu, jina namhifadhi maana bado tunakutana sokoni. Huyu alikuwa mtaalamu wa kila kitu. Ukiumwa jino ana dawa, mume akichelewa kurudi ana dawa, king'amuzi kikigoma anajua cha kufanya. Akaanza kunipa nyonyo. Yaani mafuta ya nyonyo ya nywele, ile chupa ina picha ya dada kasuka, nikachanganya na chai nikanywa. Uchungu haukuja. Kilichokuja mnakijua, na choo ni kimoja, na foleni asubuhi mnazijua za nyumba za kupanga. Nilihara mpaka midomo ikakauka, na joto la Dodoma lile la mwezi wa kumi na moja. Cheka tu, hata mimi nacheka, lakini mjamzito kuishiwa maji siyo utani, unakuwa umechoka kabla leba yenyewe haijaanza. Nyonyo inasisimua utumbo, kuna wengine inawasisimua na mfuko wa uzazi pia, hujui wewe uko kundi gani mpaka umeshakunywa. Na kuna wanaochemsha mbegu zenyewe za nyonyo, hao naomba waache leo, zile mbegu zina sumu inayoua mtu mzima.

Basi yule mama kuona nyonyo imefeli akasema hiyo ya watoto, ngoja nikuletee ya wakubwa. Akaleta mizizi imefungwa kamba ya katani, ina udongo bado. Akachemsha kwenye sufuria yangu ya ugali, ikatoka maji rangi ya chai ya rangi iliyokolea, ina povu pembeni. Nikamuuliza kipimo chake kipi? Akasema "kikombe." Kikombe kipi? "Hicho." Kikombe cha plastiki cha kunywea uji, kile kikubwa! Kunywa umesimama, usibakize. Hiyo ndiyo maabara iliyopima dozi ya mwanangu.

Hiyo haikufeli, na hapo ndipo nataka usome taratibu. Jioni ileile uchungu ukaanza, na mimi kwa ujinga wangu nikafurahi, nikamtumia wifi meseji nimeshaanza!! Ila haukuwa uchungu wa kuja na kuondoka kama wanavyofundisha kliniki, ulikuja ukakaa. Tumbo likawa gumu kama jiwe la kusagia, linaachia kidogo sana, linakaza tena. Tukaingia kwenye bajaji, kila tuta nalia, dereva naye analia na mimi.

Tumefika, nesi ananipima njia, sentimita mbili. Akanishika tumbo akanyamaza, akashika tena. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, umekunywa dawa yoyote ya kienyeji?"

Nikasema hapana.

Nilisema hapana kwa sababu yule mama kabla sijapanda bajaji aliniinamia sikioni, "wakikuuliza usiseme, watakutukana." Mpaka leo hapa ndipo nashikwa na hasira kuliko kwenye mizizi yenyewe. Maana alijua! Mtu anayejua dawa yake ni nzuri angekwambia kaseme jina langu, kawapelekee na manesi wanunue. Ukiona dawa ina sharti la kuficha, mwenye dawa anajua kitu hajakuambia. Na mimi na masomo yangu yote, na kazi ya ofisini, nikamdanganya mtu pekee mle ndani aliyekuwa anajaribu kuelewa nina nini. Alikuwa anaona uchungu mkali na njia imefunga, hajui mkali kwa sababu gani, na mwenye jibu ni mimi, nalia tu.

Wakawa wanasikiliza mapigo ya mtoto. Mtoto tumboni anatakiwa awe kati ya 110 na 160 kwa dakika. Wa kwangu alishuka chini ya mia, akapanda, akashuka, akakaa hukohuko chini. Daktari alikuja kunieleza baadaye kwamba kila tumbo linapokaza, damu inayompelekea mtoto hewa kupitia kondo la nyuma inabanwa, tumbo likiachia ndipo anapata tena. Hilo ni la kawaida kwa kila uchungu, ndiyo maana Mungu kaweka nafasi katikati. Mimi nafasi niliinywa. Chupa ilipopasuka maji yakatoka ya kijani, mtoto keshajisaidia humohumo. Baada ya hapo sikumbuki vizuri, nakumbuka taa za thieta na mtu ananiambia mama sema ukweli umekunywa nini, na hapo nikasema, nikataja mpaka sufuria.

Alitoka hakulia. Alivuta kile kinyesi kwenye mapafu, akawekwa kwenye oksijeni, akalishwa kwa mpira wa puani, mimi nina mshono natembea nimepinda kila baada ya muda kwenda kukamua maziwa kwenye kikombe kidogo cha chuma. Ni mzima sasa, anasoma, ana mdomo kama bibi yake, msiniandikie pole. Ila kuna waliokuwa na mimi kwenye kile chumba waliotoka mikono mitupu. Na yule mama alikuja kuniona! Kaja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, swali la kwanza hata mtoto hajaulizia, "hukunitaja lakini?" Dah.

Na kovu halikuishia pale. Mimba ya pili nikaambiwa mama wewe sasa una kovu kwenye kizazi, kujifungulia kituo kidogo kisicho na thieta hapana, kuanzishiwa uchungu kwa vidonge hapana, maana kizazi chenye kovu kinaweza kupasuka. Yaani kikombe kimoja kilinipangia mpaka uzazi uliofuata, ilibidi nihamie hospitali mapema na kukaa chigonela, ile nyumba ya wajawazito ya kusubiria kujifungua, na wamama waliotoka vijijini, na mimi naishi mjini.

Najua kuna mtu atakuja hapa chini na ile ya "bibi zetu walikunywa wakazaa kumi." Walikunywa ndiyo. Bibi aliyefia kwenye leba hakubaki kukuhadithia, anayehadithia ni aliyepona, kwa hiyo hadithi zote utakazosikia ni za mizizi iliyofanya kazi vizuri. Na mimi sisemi mizizi haina nguvu, wengine wanajibu hivyo na ni uongo, shida yake ni kwamba INA nguvu. Mizizi mingine inakaza kizazi kwelikweli, hakuna anayejua kikombe chako kina kiasi gani cha dawa, mti wa mwaka wa mvua na wa ukame siyo sawa, mchemsho wa dakika kumi na wa saa nzima siyo sawa.

Na kabla hujakimbilia famasi, kwa sababu najua wapo watakaokufuata PM, wale wa magrupu ya wasapu wana picha ya koti jeupe na hata panadol hawajui kuandika. Watakwambia kuna vidonge vya miso, yaani misoprostol, dawa ya kukaza kizazi, kimoja tu unajifungua kesho. Kidonge cha miso kile cha kawaida kina mikrogramu 200. Dozi ya kuanzisha uchungu kwa kunywa ambayo WHO wanapendekeza ni mikrogramu 25, kila baada ya saa mbili, hospitali, mapigo ya mtoto yanasikilizwa. Piga hesabu mwenyewe, kimoja ni mara nane. Hicho nacho hakina koki, na muuzaji akipokea muamala wako anakublock.

Haya mengine uliyouliza, harakaharaka. Tende kula, kuna utafiti wa Jordan wa 2011, wanawake walikula tende sita kwa siku wiki nne za mwisho, wakafika hospitali njia imefunguka zaidi ya wasiokula. Lakini ni wiki nne, siyo ukale kilo usiku mmoja, na kama kliniki wamekuambia una sukari waulize kwanza. Nanasi ni tunda, litakuletea kiungulia tu. Mlenda nao wanasema unateleza mtoto, mimi nimekula mlenda tangu nimezaliwa na sijateleza popote. Kutembea tembea, jioni jua likipoa. Yale mambo na mume kama chupa haijapasuka, hutoki damu na hujaambiwa kondo liko chini, hakuna ubaya, uhakika kwamba yataleta uchungu hakuna ila na yeye kasubiri. Kuchezea chuchu kunakaza kizazi kweli, hivyo kama una presha, kovu au mtoto mdogo kuliko wiki zake usiguse bila kumuuliza daktari.

Sasa wiki 40 na siku tatu hujachelewa!! WHO wenyewe wanasema kuanzisha uchungu kwa aliyepitiliza ni kuanzia wiki 41 zilizotimia, tena kwa mwenye uhakika na wiki zake. Una uhakika na zako? Hedhi ya mwisho uliikumbuka au uliibuni pale dirishani kwa nesi kama wengine? Kama ulipiga utrasaundi mimba changa, ile ndiyo inaaminika zaidi, nenda nayo. Kesho asubuhi beba kadi nenda kliniki, waambie nimepita matazamio, naomba mtoto asikilizwe mapigo na mnipangie siku. Wakiona inafaa watakuanzishia wao, kwa koki yao.

Usisubiri kesho kama mtoto kapunguza kucheza, au damu, au maji yametoka, au kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu. Piga 115, ni bure, ndiyo namba ya m-mama ya usafiri wa dharura wa wajawazito. Na kama wakati nachapa huu utumbo wote umeshakunywa hata nusu kikombe, nenda sasa hivi na ukifika SEMA. Taja mizizi, taja saa uliyokunywa, ikiwezekana beba na kipande. Wakikutukana waache watukane, matusi hayashushi mapigo ya mtoto.

Mama mkwe usigombane naye, kaja na vumbi lote lile kwa upendo. Mwambie "asante mama, daktari kasema nisinywe kitu mpaka anisikilize mtoto," akikasirika mkasirikie daktari wote wawili. Mpe kazi ya kuchemsha maji ya kuoga.

Ya begi sijafika, kuna uzi wa watu waliopanga orodha mpaka rangi ya soksi. Na lile swali la mume kuingia leba ndilo nililokuwa nimesahau, wangu alikuwa nje anakula mihogo kwa hiyo sina uzoefu.