Ukiwaandikia wachapishaji wa michezo, waonyeshe mezani palipoharibika

Kijana mmoja wa Kakamega ameniandikia wiki hii: "Dada, ulifanyaje mpaka wakakirekebisha kile kitabu? Sisi tumelalamika hadi tumechoka." Anauliza habari za kitabu cha mchezo wa kuigiza wa mezani, ule ambao kila mchezaji anachukua mhusika wa hadithi na dadu ndiyo inayoamua kama amefaulu. Tangu toleo lake lililosahihishwa litoke nimeulizwa hivyo mara nyingi, na leo najibu kwa kirefu. Najua wengi mnaonisoma mna meza zenu, yaani vikundi vya kucheza, mnadunduliza kununua vitabu kwa dola, na mnataka kusikilizwa sawa na mnunuzi wa Uingereza au Marekani.

Meza yetu iko Kisumu, chumba cha ghorofani pale Kondele, Jumamosi jioni. Tulinunua nakala ya kidijitali ya kitabu hicho kutoka kwa mchapishaji mdogo wa ng'ambo ambaye sitamtaja. Hadithi yake iko kando ya ziwa kubwa lenye wavuvi wa usiku, na jalada lake lilikuwa na mashua na taa juu ya maji meusi. Tulifurahi kupita kiasi. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na kitabu kinachofanana na huku kwetu.

Mwenzetu mmoja, binti wa mvuvi wa Dunga, akasema atacheza mvuvi. Tukatafuta. Mvuvi hakuwemo kati ya wahusika ambao mchezaji anaruhusiwa kuwachukua. Wavuvi wote wa kitabu kile walikuwa watu wa kuokolewa tu na mashujaa wanaofika kutoka nje, na katika kijiji kizima aliyepewa jina alikuwa mganga peke yake, naye ndiye mwovu. Yule binti akaweka penseli juu ya karatasi yake na kuuliza, "Kwa hiyo mimi nimekuja hapa kuokolewa?" Hakuna aliyemjibu.

Tukaendelea kwa kumruhusu amcheze mvuvi hivyo hivyo, ndipo kosa la pili likajitokeza. Ukurasa wa 41 ulitaka jumla ya alama 18, yaani dadu pamoja na nyongeza ya ujuzi, ili kuvuka ziwa kwa mashua usiku, hata maji yakiwa yametulia. Ukurasa wa 67, kwa safari ile ile, ulitaka 13. Piga hesabu: mvuvi mwenye nyongeza ya 3 akitupa dadu ya pande 20, kwa kanuni ya kwanza anafaulu kwa nafasi 6 kati ya 20, na kwa ya pili kwa nafasi 11. Watu wanaovua omena huliingia ziwa usiku usio na mbalamwezi, maana giza ndilo linalofanya taa zivute samaki. Kitabu kilikuwa kinasema watu hao huzama mara nyingi kuliko wanavyofika.

Nikaandika barua. Nilitaja kurasa zote mbili, nikaweka hesabu ile ya dadu, nikaeleza swali la binti yule neno kwa neno na jinsi meza ilivyonyamaza. Kisha nikaomba mambo matatu: kanuni ya mashua iwe moja, mvuvi awe mhusika wa kuchezwa, na wanakijiji wapewe majina. Nilipendekeza hata majina yenyewe. Jibu lililokuja lilinishukuru kwa "mapenzi yangu kwa mchezo". Basi. Lile jibu liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu ukilisoma unajua hakuna aliyefungua ukurasa wa 41. Nikatuma barua ile ile tena, mara hii nikiambatisha maelezo ya kikao kizima, nani alitupa dadu gani na nini kikafuata. Safari hiyo alijibu mwandishi wa kanuni mwenyewe, na alikuwa na maswali.

Hiyo ndiyo siri, ndugu yangu wa Kakamega. Ukimwambia mchapishaji kitabu chake ni kibaya, hana la kurekebisha. Ukimwonyesha ukurasa, dadu iliyotupwa, na mtu aliyeacha kucheza, ana kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Msifikiri wakubwa hawasikii. Mwaka 2022 Wizards of the Coast, wenye mchezo maarufu wa kuigiza wa Dungeons & Dragons, walitoa kitabu cha Spelljammer kikiwa na jamii ya Hadozee, viumbe kama nyani ambao historia yao ilikuwa ya kutekwa utumwani na kugeuzwa na mchawi. Wachezaji walionyesha jinsi maelezo na picha vilivyofanana na kejeli za zamani dhidi ya watu weusi. Septemba mwaka huo kampuni iliomba radhi na kuyaondoa maelezo hayo. Wachezaji wale walikuwa wamenyooshea kidole aya na picha zinazoonekana.

Januari 2023 likaja kubwa zaidi. Rasimu ya leseni mpya ya kampuni hiyo hiyo, ya kuwaruhusu wengine kuchapisha kwa kutumia kanuni za mchezo wake, ilivuja. Ingeua leseni iliyotolewa mwaka 2000, ambayo wachapishaji wadogo walikuwa wameitegemea miaka yote hiyo, na ingewadai wanaouza zaidi ya dola 750,000 asilimia 25 ya mapato yanayozidi kiwango hicho. Watu walifuta malipo yao ya D&D Beyond, huduma ya mtandaoni ya mchezo huo. Kampuni ikailegeza rasimu, na ilipowauliza maoni juu yake, majibu yalizidi 15,000, na 88% walisema hawataki kuchapisha chini ya leseni hiyo mpya. Tarehe 27 Januari leseni ya zamani ikaachwa ilivyo, na kanuni za msingi zikawekwa chini ya Creative Commons, leseni ya wazi inayomruhusu yeyote kuzitumia akitaja chanzo. Walioshinda waliitaja wazi hasara ambayo kampuni ingepata: nitaacha kulipa, nitaacha kuchapisha. Sisi wa Kisumu na Kakamega hatuna wingi huo wa pesa wala wa watu, kwa hiyo lazima barua zetu zibebe ushahidi zaidi. Andikeni kurasa. Andikeni kilichotokea. Ombeni jambo linalowezekana. Na matusi acheni kabisa, maana anayefungua barua mara nyingi ni mfanyakazi ambaye hakuandika hata sentensi moja ya kitabu.

Jambo jingine nawaomba mlishike: msitume ulimwengu wenu mzima mliobuni. Wachapishaji wengi wana sera ya kutosoma mawazo ambayo hawakuyaomba, wakihofia kesi za nani alianza, na barua yako nzuri inaweza kuwekwa kando kwa sababu ya kurasa kumi za hadithi ulizoziambatisha. Lalamikia kilichomo kitabuni.

Toleo lililosahihishwa lina alama 13 kwenye kurasa zote mbili. Mvuvi sasa anachezwa, na binti wa Dunga anamcheza. Wanakijiji wana majina, na kadhaa ni yale niliyoyaandika mimi. Ukurasa wa shukrani una watu wengi waliojaribu mchezo, wote wa ng'ambo, na meza ya Kondele haimo. Nasema bila kuficha kwamba hilo limenikera. Kazi yetu ilitosha kutumiwa, basi ilitosha kutajwa. Wametangaza kwamba toleo la karatasi linaandaliwa, na barua ya kuomba majina yetu yaingie ukurasa ule iko tayari. Wachezaji wote wameshaisaini, na Jumatatu naituma moja kwa moja kwa yule mwandishi wa kanuni.